Askari wa Vichekesho

Kundi lo lote la wachekeshaji lina mgawanyo wake wa tabia. Katika Ze Comedy, iliyohamia TBC1 mwaka 2008 na kuitwa Ze Orijino Komedi, Joti aligeuka bibi kizee au mtoto, naye Masanja akasoma taarifa za habari kwa mbwembwe, ukawa mwigo wa kila kilichoheshimiwa. Lakini katika vichekesho vya Tanzania kwa jumla iko nafasi moja ambayo mwenyewe hujulikana kabla ya mchezo kuanza: askari au mlinzi mkali. Aghalabu hupewa ulimi wa Kikurya.

Asili ya jambo hili si jukwaani. Waingereza waliandikisha Wakurya wengi katika King's African Rifles, na desturi hiyo haikukoma pamoja na ukoloni. Jenerali David Musuguri, aliyezaliwa Butiama mwaka 1920, alijiunga na jeshi hilo mwaka 1942. Akapigana vita vya Uganda, akawa Mkuu wa Majeshi tangu 1980 hadi 1988. Naye alikuwa Mzanaki, tofauti ambayo mzaha hauijali.

Hapo ndipo penye dhara. Bweri imo katika Musoma, nchi ya Wakwaya na Wajita, ambao kwao nyavu na mtumbwi ni vya kale kuliko bunduki. Mchezo huwavika wote gwanda moja. Kijana wa huko akitaja kwao mbele ya wageni, hutazamiwa ukali kwanza. Kabila lake huulizwa baadaye, kama likiulizwa.