Ramani ya udongo kwa mnunuzi wa viazi Cyanzarwe

Mfanyabiashara anayetaka kuwapa wakulima wa Cyanzarwe, wilayani Rubavu, malipo ya awali ili apeleke viazi Goma, aanze na ramani ya udongo. Rwanda ina ramani ya nchi nzima kwa kipimo cha 1:50,000, kazi iliyoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Ubelgiji.

Ukiunganisha udongo, mwinuko, mteremko na mvua, unapata madaraja ya FAO ya mwaka 1976: S1 inafaa sana, S2 wastani, S3 kidogo, N haifai. Udongo wa volkano wa ukanda huu ni mwepesi na viazi huupenda, ila hung'ang'ania fosforasi. Gharama ya mbolea iingie kwenye hesabu.

Tahadhari. Katika kipimo hicho sentimita 1 ya mraba ni hekta 25, na mashamba mengi hapa hayafikii hekta 1. Ramani itakuonyesha kilima. Shamba lenyewe lipimwe udongo kabla fedha hazijatoka. Uliza pia msimu uliopita palipandwa nini, kwani mnyauko wa bakteria hubaki ardhini, hata kwenye S1, na hakuna ramani ya udongo inayouonyesha.