Viraka vya michezo ya video: Tiba ambayo huweza kuzua maradhi

MNAMO Desemba 2007, wachezaji wa EVE Online, mchezo wa vita na biashara za angani unaotengenezwa na kampuni ya CCP ya nchini Iceland, walipokea toleo jipya lililopewa jina Trinity. Lengo lake lilikuwa kuupa mchezo huo picha za kuvutia zaidi.

Baadhi yao walipozima tarakilishi zao na kujaribu kuziwasha tena, ziligoma. Kiraka walichokuwa wamesakinisha kilikuwa kimefuta faili iitwayo boot.ini, ambayo mfumo wa Windows XP huitegemea ili kujua mahali pa kuanzia kila mashine inapowashwa.

Chanzo cha masaibu hayo kilikuwa alama moja ya mkwaju. EVE Online ulikuwa na faili yake yenyewe, yenye jina lilo hilo, ndani ya folda yake. Hiyo ndiyo iliyokusudiwa kufutwa. Kwa sababu ya mkwaju ulioandikwa mahali pasipofaa, amri ikaenda moja kwa moja kwenye shina la diski, ambako faili ya Windows huwekwa.

CCP ilirekebisha kiraka hicho, ikaomba radhi na kueleza hadharani jinsi kosa lilivyotokea. Hata hivyo, wachezaji walioathirika walikuwa na kibarua cha kufufua mashine zao, ambazo bila shaka zilibeba pia kazi zao za ofisini, picha za jamaa na barua zao.

Kisa hicho kingali miongoni mwa mifano mikali ya kero inayowakumba wapenzi wa michezo ya video kote ulimwenguni. Mara kwa mara huambiwa wapakue kitu kitakachouboresha mchezo waliokwisha kuulipia. Huwa hawana njia ya kujua mapema iwapo kitatengeneza au kitabomoa.

Kiraka ni nini?

Kiraka ni kipande cha programu kinachobadilisha mchezo ambao tayari umeuzwa. Huondoa dosari, huziba mianya inayotumiwa na wadanganyifu, husawazisha nguvu za wahusika au kuongeza viwanja, silaha na magari mapya. Kinapoleta mambo mengi mapya, aghalabu huitwa sasisho.

Jina hilo linatokana na enzi ambapo maagizo ya tarakilishi yaliandikwa kwa kutoboa matundu kwenye kadi na kanda za karatasi. Tundu lililotobolewa kimakosa lilizibwa kwa kubandikwa kipande cha karatasi, sawa na fundi anavyotia kiraka kwenye suruali iliyotoboka.

Michezo ya awali haikuwa na nafasi hiyo. Kaseti za Nintendo na Sega zilizotamba katika miaka ya 1980 na 1990 zilihifadhi programu kwenye vipande vya kielektroniki visivyoweza kuandikwa upya na mnunuzi. Kosa lililotoka kiwandani lilibaki humo daima, na kampuni ingeweza kulisahihisha tu katika kaseti zitakazotengenezwa baadaye.

Wenye tarakilishi walikuwa na afueni kidogo. Katika miaka ya 1990 walipata viraka kwenye diski zilizoambatanishwa na majarida, au walivipakua polepole kwa modemu kupitia laini za simu. Iliwabidi wajue nambari ya toleo walilo nalo na kusakinisha viraka kwa mpangilio. Aliyeruka kimoja alikuta kinachofuata kikimkatalia.

Mnamo Septemba 2003, kampuni ya Valve ya Marekani ilizindua huduma ya Steam, ambayo mwanzoni ilinuiwa kusasisha michezo ya kampuni hiyo, kama vile Counter-Strike, bila mchezaji kuhangaika. Kero ya kusaka viraka ikapungua, lakini nyingine ikazaliwa. Half-Life 2 ulipotoka Novemba 2004, hata walionunua diski dukani walilazimika kuunganishwa na intaneti kwanza ili ununuzi wao uthibitishwe. Seva zilizidiwa, na wengi wakabaki kutazama skrini wakiwa na mchezo halali mkononi.

Mashine za Xbox 360, iliyotoka 2005, na PlayStation 3, iliyofuata 2006, zilieneza desturi ya masasisho hadi sebuleni.

Kiraka cha siku ya kwanza

Mnunuzi anaweza kushangaa kwa nini mchezo uliotoka dukani asubuhi uhitaji kurekebishwa kabla ya jua kutua. Sababu ni kwamba diski hupelekwa kiwandani majuma kadhaa kabla ya siku ya mauzo. Katika kipindi hicho wahandisi huendelea kusahihisha makosa, na matunda ya kazi yao humfikia mnunuzi kupitia intaneti.

Ajabu ni kwamba nafasi hiyo ya kusahihisha baadaye imegeuka kuwa kisingizio cha kuuza kazi ambayo haijakamilika. Halo: The Master Chief Collection ulipotoka Novemba 2014, wenye diski walitakiwa kupakua takriban gigabaiti 20 zaidi. Mwaka uliofuata, Tony Hawk's Pro Skater 5 uliuzwa ukiwa na sehemu ndogo tu ya mchezo kwenye diski. Sehemu kubwa ilikuja kwa kiraka ambacho kilikuwa kizito kuliko data iliyokuwa kwenye diski yenyewe.

Uzito huo ni jambo la kupimwa kwa saa na kwa pesa. Kupakua gigabaiti 20 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua karibu saa tisa, iwapo kasi hiyo haitayumba. Kwa kasi ya megabiti 20, kazi hiyo hiyo huchukua zaidi ya saa mbili.

Kwa mchezaji wa Kisumu au Machakos anayetegemea bando la simu, sasisho la aina hiyo ni gharama ya pili juu ya bei ya mchezo. Umeme ukipotea au bando likiisha katikati, huenda akalazimika kusubiri hadi siku nyingine. Kwa mwenye ukumbi wa PlayStation anayetoza wateja kwa mechi au kwa saa, mashine inayosasishwa ni mashine isiyoingiza hata shilingi.

Kosa dogo, mzigo mkubwa

Jambo jingine linalowaudhi wachezaji ni kuona marekebisho madogo yakija kwa furushi zito. Maelezo yake yamo katika jinsi michezo inavyopakiwa.

Picha, sauti na ramani kwa kawaida hubanwa pamoja katika mafaili machache makubwa ili mashine izisome haraka. Picha moja ikibadilishwa, faili zima huenda likahitaji kupangwa upya. Steam hujaribu kupunguza mzigo huo kwa kugawa mafaili katika vipande vya takriban megabaiti moja na kutuma vile tu vilivyobadilika. Lakini iwapo mtengenezaji amevuruga mpangilio wa ndani wa faili, karibu kila kipande huonekana kuwa kipya.

Kisha kuna suala la nafasi. PlayStation 4 hunakili mchezo wakati wa kuusasisha, kwa hivyo huhitaji nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa mchezo wenyewe. Ndiyo sababu mchezaji anayetaka kuweka kiraka kidogo anaweza kuambiwa kuwa diski yake imejaa.

Call of Duty: Modern Warfare, uliotoka 2019, ulinenepa kwa masasisho hadi ukapita gigabaiti 200. Katika mashine ya PlayStation 4 yenye gigabaiti 500, hiyo ni karibu nusu ya nafasi yote. Wenye mashine hizo walilazimika kufuta michezo mingine, wakijua fika kwamba siku wakiitaka tena watalazimika kuipakua upya pamoja na viraka vyake.

Dawa inapodhuru

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika michezo ya video, kuziba ufa mmoja huweza kufungua mwingine, kwa kuwa sehemu za programu hutegemeana kwa njia ambazo hata waandishi wake hawazioni zote.

Mnamo Juni 2012, kampuni ndogo ya Polytron ya Montreal, Canada, ilitoa kiraka cha mchezo wake Fez kwenye Xbox 360. Kilitatua matatizo mengi, lakini kiliharibu kumbukumbu za baadhi ya wachezaji, yaani rekodi ya hatua walizokuwa wamefikia. Kiraka kikaondolewa.

Mwezi uliofuata, Polytron ilikirejesha kiraka kile kile bila kukibadilisha. Ilieleza kwamba kuwasilisha kingine ili kiidhinishwe na Microsoft kungeigharimu makumi ya maelfu ya dola, ilhali walioathirika hawakufika asilimia moja ya wachezaji. Waliokuwa katika asilimia hiyo walipoteza jasho lao. Mwaka wa 2013 ilibainika kwamba Microsoft ilikuwa imeacha kutoza ada hiyo.

Kampuni kubwa nazo hazijasalimika. Cyberpunk 2077 wa kampuni ya CD Projekt ya Poland ulitoka Desemba 10, 2020 ukiwa na dosari tele, hasa kwenye mashine za zamani. Wiki moja baadaye, Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kuahidi kuwarejeshea wanunuzi pesa zao. Haukurudi dukani humo hadi Juni 2021.

Kiraka kikubwa cha kwanza kilichotolewa Januari 2021 kilileta dosari yake: katika sehemu moja ya hadithi, mhusika aitwaye Takemura alipiga simu kisha akanyamaza, na mchezaji hakuweza kuendelea. Kiraka kingine kikahitajika siku chache baadaye ili kurekebisha kiraka hicho.

Wakati mwingine sasisho halina kosa ila huvunja kazi za wengine. Fallout: London, nyongeza kubwa ya mchezo wa Fallout 4 iliyoundwa na watu waliojitolea, ilipangwa kutoka Aprili 23, 2024. Bethesda, wenye Fallout 4, walitangaza sasisho lao la Aprili 25, na waliojitolea wakalazimika kuahirisha. Kazi yao ilitoka Julai mwaka huo, na wengi waliotaka kuicheza walihitaji kwanza kurudisha mchezo katika toleo lake la zamani.

Pasipo viraka

Pamoja na lawama hizo zote, ulimwengu usio na viraka haukuwa na raha. Metroid: Other M wa Nintendo, uliotoka 2010 kwa mashine ya Wii, ulikuwa na hitilafu iliyofunga mlango ambao mchezaji alihitaji kupita. Nintendo iliwaomba walioathirika nchini Marekani waitumie kadi zao za kumbukumbu kwa posta ili rekodi zao zirekebishwe, kisha warudishiwe.

Vilevile, Cyberpunk 2077 uliokuwa kichekesho mwaka wa 2020 ulipata sifa tele baada ya sasisho la 2.0 la Septemba 2023. Mchezo wa enzi ya kaseti ukianguka hivyo haungeinuka tena.

Tahadhari

Mchezaji anaweza kujipunguzia hasara. Jambo la kwanza ni kunakili kumbukumbu zake mahali pengine kabla ya kusakinisha sasisho kubwa, kwani mchezo hupakuliwa tena lakini saa mia moja za kuucheza hazirudi.

La pili ni kuacha nafasi ya kutosha kwenye diski. La tatu, kwa wenye tarakilishi, ni kutofuta mchezo mzima pindi unapogoma baada ya kiraka. Steam ina kipengele cha kukagua mafaili, ambacho hupakua upya yale tu yaliyoharibika.

Aidha, tangu 2023 huduma hiyo imeruhusu mchezo kuhamishwa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine ndani ya nyumba au ukumbi mmoja bila kutumia bando. Marafiki au wenye kumbi wanaweza kupakua mara moja na kugawana, mradi kila mmoja ana haki ya kuucheza mchezo huo.

Aliye na haraka anaweza kukata intaneti na kucheza peke yake bila kusasisha, endapo mchezo unaruhusu. Michezo ya kushindana mtandaoni haimpi hiari hiyo, kwa sababu ni sharti wachezaji wote wawe na toleo moja.

Lipo jambo moja ambalo tahadhari haiwezi kulitatua. Viraka hukaa kwenye seva za kampuni, na seva huzimwa. Machi 31, 2024, Ubisoft ilizima seva za mchezo wa magari, The Crew, ambao ulihitaji intaneti kila wakati. Hata walioununua kwa diski hawakuweza kuucheza tena. Michezo isiyo na sharti hilo huendelea kufanya kazi baada ya seva kuzimwa, lakini anayeiweka upya kutoka kwenye diski hupata toleo la siku ya kwanza pamoja na dosari zake zote.