Majina na Urithi katika Riwaya za Ken Walibora

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuutafuta urithi wa jadi katika mila: matambiko, jando, mahari, mazishi. Kwa kipimo hicho Ken Walibora (1965–2020), mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia na kuja kuwa mtangazaji wa habari katika televisheni ya NTV, huenda akaonekana maskini. Sisi twaona kwamba urithi wake umo katika majina.

Tuanze na lake mwenyewe. Jina la ukoo ni Waliaula. Katika Kiswahili aula ni bora. Waliaula likawa Walibora. Yaani jina la Kibukusu limesomwa kana kwamba ni la Kiswahili, kisha likafasiriwa. Wapo watakaosema huku ni kulikana jina la wazee. Hatukubaliani nao, kwani nusu ya jina imebaki ilivyokuwa.

Katika Siku Njema (1996), Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kitale kumtafuta babaye. Tumezoea kumwona mtu wa bara akishuka pwani kutafuta Kiswahili. Hapa Mswahili, mwenye jina la mtaa wa Mombasa, anapanda bara kutafuta nasaba. Na bara hiyo si kijiji cha ukoo mmoja. Kitale ulikuwa mji wa walowezi, reli ikafika mwaka 1926, na baada ya uhuru mashamba yakagawiwa watu wa makabila mengi. Katika mitaa kama Matisi, Kibukusu hukutana na Kisabaoti, Kiturkana na Kigikuyu, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wenyeji.

Ardhi hiyo hiyo ilimwagiwa damu katika mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992. Mtangazaji hana budi kuyaita makabila kwa majina yao; mtunzi wa riwaya ana uhuru wa kuyabatiza. Katika Kufa Kuzikana (2003) wanaohasimiana ni Wakanju na Wakorosho, na hapa, kwa maoni yetu, wasomaji wengi hupita upesi mno. Mkanju ni mkorosho: mti mmoja, majina mawili. Tena neno kanju lenyewe limetoka kwa Wareno, ambao ndio waliouleta mti huo kutoka Brazili. Basi makabila hayo yanauana kwa tofauti ambayo kamusi haiijui, nayo yote mawili yamepewa jina la mti mgeni.