Ngoro: Wamatengo walizika nyasi, hawakuzichoma

Ukisikia "kilimo hifadhi" unaweza kudhani ni kitu kilichokuja na semina. Hebu twende Mbinga, mkoani Ruvuma.

Karne ya 19, Wamatengo walijibana milimani wakikwepa mashambulizi ya Wangoni. Watu wengi, ardhi ndogo, mteremko mkali. Bila mbinu, mvua ingeusomba udongo wote hadi mtoni. Jibu lao likawa ngoro.

Inafanyikaje? Masika yakielekea ukingoni, nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, kama ubao wa drafti. Kisha unachimba katikati ya kila mraba na kutupia udongo juu ya nyasi. Unabaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, baadaye mahindi. Shimo linadaka maji na udongo, nyasi zinaozea ndani ya tuta na kuwa mbolea. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi, ila jembe la kuchimba hushikwa na wanawake. Kwa hiyo ukiwasifu "wahenga", usiwasahau bibi zetu.

Sasa linganisha na Uluguru. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi kubwa, faida hawakuiona, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Lengo lilikuwa lilelile, kulinda udongo. Tofauti ni nani aliyeamua, na nani aliyevuna.

Basi kabla hujawasha kiberiti shambani, jiulize: hayo majani unayotaka kuyachoma, si ndiyo mbolea ya mwakani?