Chuo cha Kurani na Hifadhi ya Mazingira: Kutoka Misali hadi Kolwezi

Uislamu uliingia nchi za Lualaba katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliojenga vituo Nyangwe na Kasongo. Kiswahili kilifuata njia hiyo hiyo, na baadaye kikawa lugha ya kazi katika migodi ya shaba ya Katanga. Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière, ulirithi lugha hiyo pamoja na istilahi zake za dini: amana, halali, haramu.

Istilahi hizo zimekwisha kutumiwa kufundishia hifadhi ya mazingira huko Pemba. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kuwa eneo la hifadhi. Matumbawe yake yaliwalisha wavuvi zaidi ya 1,000, na baadhi yao walivua kwa baruti. Makatazo ya serikali peke yake hayakutosha. Ndipo shirika la CARE liliposhirikiana na IFEES, taasisi ya Uingereza iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, kuwafikia wavuvi kupitia mafundisho ya dini. Walifundishwa kwamba binadamu ni khalifa, yaani mtunzaji wala si mmiliki. Na kwamba baruti, iuayo samaki wakubwa na wachanga bila kubagua, ni ufisadi. Mafunzo hayo yalikuta ardhi yenye rutuba, kwani wenyeji walikuwa wakisimulia kuwa mtu mtakatifu aliyekosa msala aliswali kisiwani humo, kwa kuwa kisiwa chenyewe kilikuwa mithili ya msala. Kwa masimulizi hayo, jina Misali lilitokana na tukio hilo.

Je, mfano huo wafaa Kolwezi? Mito ya Musonoi na Luilu imepokea mabaki ya uchimbaji kwa miongo mingi. Hata hivyo, Misali aliyefundishwa ndiye aliyeushika wavu. Kolwezi mwanafunzi wa chuo hanywi ila maji yaliyochafuliwa na wengine. Akifundishwa kuwa yeye ni khalifa pasipo kuelezwa kuwa mwenye mgodi naye ana amana ya kurudisha, atatwishwa dhambi isiyo yake. Mafunzo ya mazingira katika madrasa za Lualaba hayana budi, basi, kuanzia kwenye haki ya maji, ndipo yafikie wajibu wa mtoto.