Kusonga na Kukanda: Historia Fupi ya Kujifunza Kutulia

Kuna maneno mawili ya jikoni ambayo nayafikiria sana, kwa sababu yote mawili yamehamia kwenye kazi yangu. La kwanza ni kusonga. Tunasonga ugali, na sisi wenyewe tunasongwa na mawazo; ndipo tukapata msongo, neno ambalo madaktari na magazeti wanalitumia pale ambapo vijana wanasema tu "nina stresi". La pili ni kukanda. Tunakanda unga wa chapati, na tunakanda mwili uliochoka.

Mimi ni mkandaji. Bibi yangu kule Tanga alikuwa anaitwa nyumba hadi nyumba kuwakanda wanawake waliojifungua, kwa maji ya moto na kitambaa, mpaka siku arobaini zitimie, na mimi nilianza kwa kumbebea ndoo. Leo nina chumba kimoja Dar es Salaam, kitanda cha masaji, mafuta ya nazi na feni. Wateja wengi wakifika mlangoni wanasema ni mgongo. Wakishalala dakika kumi, unasikia habari nyingine: ada za shule, mkopo, mume, bosi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mteja mmoja, mama mhasibu, aliyekuja kila Ijumaa jioni. Alikuwa anapitiwa na usingizi kabla sijamaliza bega la kwanza. Ijumaa inayofuata mabega yako palepale, yamepanda karibu yaguse masikio. Mimi nilijivunia kuwa na mteja asiyekosa. Kisha kazi yake ikaisha, pesa ya masaji ikakosekana, na siku ya mwisho, akiwa anavaa viatu, akaniuliza: "Sasa dada, bila wewe nitalalaje?"

Sikuwa na jibu. Karibu miaka miwili nilikuwa nampa utulivu, na hakuna hata kidogo alichobaki nacho mkononi. Swali lake ndilo lililonipeleka kwenye vitabu. Nilitaka kujua kama kuna watu walioulizwa hivyo kabla yangu, na walijibu nini.

Ukifuata historia hii nyuma unamkuta paka. Mwishoni mwa karne ya 19, Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, alikuwa anatumia eksirei, iliyokuwa kitu kipya kabisa wakati ule, kutazama tumbo la paka likisaga chakula. Akaona kwamba paka akihangaika, tumbo linasimama. Mwaka 1915 alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Hoja yake ni kwamba mwili ukiona hatari unajiandaa kupigana au kukimbia: moyo unakwenda mbio, sukari inaongezeka kwenye damu, misuli inapewa kipaumbele, kusaga chakula kunasubiri. Kwa mtu aliyekutana na chui, huo ni mpango mzuri. Kwa mtu aliyepata meseji ya kudaiwa saa nane usiku, mwili unajiandaa vilevile, ila chui hayupo na pa kukimbilia hapana.

Aliyeipa hali hii jina tunalolijua ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya wa maabara. Awaweke kwenye baridi, awajeruhi, awachoshe au awape sumu kidogo, miili yao ilijibu kwa mtindo mmoja: tezi za adrenali zilivimba, tezi ya thimasi ilisinyaa, vidonda vikatokea tumboni. Baadaye akaliita jambo hilo kwa neno ambalo wahandisi walikuwa wanalitumia kwa mzigo unaokandamiza chuma. Kwa hiyo Kiingereza kililichukua neno lake kiwandani, na sisi tukalichukua letu kwenye mwiko wa ugali. Sioni kama tumepunjwa.

Lakini kuna jambo la Selye ambalo mtu wa kazi kama yangu asilisahau. Nyaraka za makampuni ya sigara zilizokuja kuwekwa hadharani zilionyesha kwamba alipokea fedha zao, naye akatetea wazo kwamba sigara inaweza kumsaidia mtu kukabili stresi. Yaani neno hili lina hatari yake. Linaweza kuhamisha lawama kutoka kwenye kinachokuumiza na kuiweka kwako wewe unayeumia: tatizo si sigara, ni stresi zako, tatizo si mshahara, ni wewe hujui kutulia. Nimelibeba onyo hilo mpaka leo.

Jibu la swali la yule mama nililikuta kwa mtu mwingine, Edmund Jacobson wa Chicago. Huyu alianza kuchunguza jambo lake Harvard mwaka 1908, kwa kuangalia watu wanavyoshtuka wakisikia kelele ya ghafla. Akaona kwamba mtu aliyelegeza misuli yake sawasawa hashtuki kama wengine. Akaendelea na utafiti, na mwaka 1929 akatoa kitabu kikubwa kwa ajili ya madaktari, kisha mwaka 1934 kingine kwa watu wa kawaida.

Wengi wetu tunaijua njia yake kwa sura iliyofupishwa: kaza ngumi, achia; kaza mabega, achia. Nilipomsoma mwenyewe nikakuta kitu tofauti. Kwake, kukaza si dawa. Unakunja kiganja kidogo tu ili uijue ladha ya mkazo, mahali ulipo kwenye mkono, kama mtu anayeonyeshwa herufi kabla ya kusoma neno. Ukishaujua, unaacha. Na kuacha si kufanya kitu kingine, ni kutofanya. Somo la siku lingeweza kuhusu mjongeo mmoja tu wa mkono, na mafunzo yote yakachukua miezi. Jacobson hakutaka mgonjwa atulie kwa sababu daktari ana sauti nzuri. Aliogopa kabisa utulivu wa kuambiwa. Alitaka mgonjwa ajue mwenyewe, kama anavyojua kuendesha baiskeli, ili daktari akiondoka ujuzi ubaki.

Jambo jingine lilinishika zaidi. Akitumia vifaa vya kupima umeme mdogo sana wa misuli, alionyesha kwamba mtu akiwaza tu kukunja mkono, bila kuukunja, misuli ya mkono ule inaonyesha dalili ya kazi. Wazo linafika kwenye nyama. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi, ambaye alikuwa anagusa shingo ya mtu na kusema, "Huyu ana mawazo." Mimi nilidhani ni msemo tu. Sisi Waswahili tukisema fulani ana mawazo hatumaanishi ana fikra nzuri. Tunamaanisha ana mzigo. Bibi alikuwa anausoma kwa vidole.

Njia ya Jacobson ilikuwa na kasoro moja kubwa: nani ana miezi? Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyewahi kuwahudumia wanajeshi walioathirika kiakili na vita vya pili vya dunia, aliifupisha akaifanya sehemu ya tiba ya hofu, katika kitabu chake cha 1958. Ufupi huo ndio uliotuletea ile kaza-achia ya dakika ishirini. Tulipata wepesi, tukapoteza subira.

Berlin nako kulikuwa na daktari Johannes Schultz, ambaye mwaka 1932 alitoa kitabu cha mazoezi ya kujituliza mwenyewe: unaketi au unalala, unaelekeza akili kwenye uzito wa mkono, halafu joto lake, halafu mapigo na pumzi. Kusudi lilikuwa mtu asitegemee kulazwa usingizi na tabibu. Njia yake inafundishwa hadi leo. Ila Schultz huyohuyo, enzi za Wanazi, alikuwa naibu mkurugenzi wa taasisi ya tiba ya akili Berlin na aliunga mkono mauaji ya watu wenye ulemavu wa akili. Siwezi kumtaja kwa njia yake nikanyamaza kwa hilo. Mtu anaweza kujua sana namna ya kuutuliza mwili na asiheshimu uhai wa mwenye mwili.

Baada ya vita hadithi inarudi Harvard. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Herbert Benson, daktari wa moyo, alikuwa anachunguza shinikizo la damu kwa nyani, ndipo vijana wanaofanya tahajudi ya Kihindi walipomfuata wakitaka wapimwe wao. Kwanza alikataa, jambo hilo lingemchafulia jina. Baadaye akakubali. Vipimo vilionyesha kwamba wakiketi kimya na kurudia neno moja, matumizi yao ya oksijeni yanashuka, pumzi inapungua kasi, moyo unatulia. Ni kinyume cha alichokiona Cannon, na Benson alipenda kusimulia kwamba alifanya kazi katika vyumba vilevile vya Cannon. Kitabu chake cha 1975 kilisema kwamba hali hiyo si mali ya dhehebu moja. Kinachotakiwa ni mahali tulivu, mkao mzuri, neno au sala ya kurudia, na kutojilaumu akili ikipotea njia. Msomaji aliyekaa na tasbihi au rozari hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alifungua darasa kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa ambao matibabu ya kawaida hayakuwa yamewafikisha mbali. Wiki kadhaa, na kazi ya nyumbani karibu dakika 45 kwa siku, siku sita za wiki. Hiyo kazi ya nyumbani ndiyo iliyonichoma. Nilikuwa nimemkanda mama wa watu karibu miaka miwili na sikumpa hata dakika tano za kufanya nyumbani.

Lakini kila nilipomaliza kitabu, onyo la Selye lilirudi. Sawa, ajue kulegeza mabega. Na deni je? Jibu la hilo halikutoka Harvard. Lilitoka Mbare, mtaa wa Harare.

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi na vibanda vya biashara mijini, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu kama 700,000 walipoteza makao, riziki au vyote viwili. Daktari wa akili Dixon Chibanda alitakiwa afanye kitu, na hakuwa na wauguzi wala vyumba. Alichopewa ni bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii. Mwaka 2006 wakaanza kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Yeye alitaka liitwe benchi la afya ya akili; bibi wakamwambia hakuna atakayekaa hapo. Ndipo likawa Benchi la Urafiki.

Wale bibi hawakutumia neno la Selye. Walitumia neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni ndugu wa mawazo yetu kabisa. Na kazi yao haikuwa kumtuliza mtu tu. Kwanza wanamfungua azungumze, halafu wanamtaka achague tatizo moja katika yale mengi, halafu wapange hatua ndogo ambayo ataifanya yeye mwenyewe na kurudi kueleza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mabenchi hayo yamevuka mipaka, mpaka Zanzibar.

Nilimtafuta yule mama kwa simu. Alikuja, nikamwambia leo hulipi na wala hupandi kitandani. Tulikaa barazani. Nilimfundisha mkono mmoja tu, kukunja kiganja na kukiachia, kama Jacobson. Kisha nikafanya kama wale bibi, nikamuuliza: katika yote haya, lipi tunaweza kuligusa wiki hii? Akasema ni mwenye nyumba. Alikuwa anamkimbia badala ya kuongea naye. Akaenda kuongea naye.

Hakupona kimuujiza. Aliporudi aliniambia kuna usiku analala na kuna usiku halali, na kwamba ule mkono anaufanyia mazoezi ndani ya daladala, watu wanadhani ana ganzi. Tulicheka. Mabega yalikuwa yameshuka kidogo, na safari hii sikuyagusa mimi.

Siku hizi dakika kumi za mwisho za kila mteja ni za mafunzo. Asiyelala kwa wiki nyingi, au anayesema hataki kuishi, namsindikiza kwa daktari, maana mafuta ya nazi yana mpaka wake. Wengine hawapendi, wanasema wamelipia kukandwa, hawajaja shule. Na walioelewa wanakuja mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, kwa hiyo daftari langu la mapato limekonda, sitadanganya. Kodi ya chumba mimi pia nalipa. Kuna usiku nawaza hayo, nakunja kiganja changu gizani, halafu naachia.