Mgonjwa wa Mulago na Wino wa Magazeti

Tarehe 27 Juni, mwaka 1976, ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara baada ya kuondoka Athens, na siku ya pili ikatua Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, makomando wa Israel waliuvamia uwanja huo, wakawachukua mateka na kuondoka nao. Alibaki Bibi Dora Bloch, mzee wa zaidi ya miaka 70, mwenye uraia wa Uingereza na Israel, aliyekuwa amelazwa katika Hospitali ya Mulago baada ya kupaliwa na chakula.

Tangu asubuhi ile, vita vilihamia magazetini. Magazeti mengi ya Magharibi yalikiita kitendo kile uokoaji wa kishujaa. Serikali ya Uganda, ambayo Voice of Uganda lilikuwa gazeti lake, ilikiita uchokozi. Neno moja lilitosha kumweka msomaji upande mmoja kabla hajaijua habari yenyewe.

Wala hapana upande uliokosa hoja kabisa. Kuteka nyara abiria ni jinai. Na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, alisema kuwa mamlaka ya nchi mwanachama yalikiukwa. Katika Baraza la Usalama, azimio la Uingereza na Marekani lilipata kura 6 tu, likaanguka; lile la Benin, Libya na Tanzania halikupigiwa kura.

Lakini wino wa upande mmoja hujulikana kwa maiti usiowahesabu. Waliosherehekea ushujaa hawakuwa na nafasi kubwa kwa askari wa Uganda waliouawa wakiwa zamuni. Nayo serikali mjini Kampala ilidai kuwa Bibi Bloch alirudishwa uwanjani kabla ya shambulio, ilhali afisa wa ubalozi wa Uingereza alimwona Mulago baada ya shambulio hilo. Tarehe 28 Julai Uingereza ilivunja uhusiano. Mabaki ya bibi huyo yalipatikana mwaka 1979, baada ya Idi Amin kupinduliwa, mashariki ya Kampala. Njia ya mwongo ni fupi.

Askari hufundishwa kuandika taarifa ya lindo kama mambo yalivyotokea, hata yakimwaibisha mkubwa wake. Basi asomapo gazeti, na alipime kwa kipimo hicho hicho: limewataja wafu wote, au wale wa upande wake tu?